Hapo Hakuna Jiwe: Veljo Tormis na Kazi ya Kuingiza Wimbo wa Jadi Kwenye Kwaya

Mwaka juzi kwaya yetu hapa Nairobi ilikuwa ikijiandaa kwa tamasha, na kwenye orodha ya nyimbo palikuwa na nafasi ya wimbo mmoja wa kienyeji. Mwenzetu mmoja wa sauti ya nne alikuwa na wimbo wa kusaga wimbi (ulezi) alioupokea kwa mama yake kule Vihiga. Mwalimu akakaa nao wiki mbili, akaurudisha ukiwa na sauti nne, umeandikwa kwa solfa, ile ya do-re-mi, kila noti ina wenzake watatu chini yake. Tulijifunza Jumamosi tatu katika ukumbi wa kanisa, tukauimba vizuri. Nikisema vizuri namaanisha hivyo: sauti zilikaa, pumzi zilikaa, maneno yalisikika. Mwenzetu akaurekodi kwa simu, akamtumia mama.

Jibu lilikuja kesho yake, naye mama alikuwa amerekodi sauti. Kwanza alitusifu, kama ilivyo adabu. Kisha akauliza: "Sasa hawa wanasaga nini, mwanangu? Hapo hakuna jiwe."

Swali hilo lilinisumbua kwa miezi mingi, na ndilo lililonifikisha kwa mtunzi ambaye sikuwahi kumsikia akitajwa katika mazoezi yoyote ya kwaya hapa mjini: Veljo Tormis wa Estonia, aliyefariki tarehe 21 Januari 2017 akiwa na miaka 86. Ameacha nyimbo za kwaya zaidi ya 500. Nyingi huimbwa bila ala, na sehemu kubwa zimejengwa juu ya nyimbo za kale za watu wake. Maisha yake yote ya utunzi aliyatumia kujibu swali la mama yule.

Ili jibu lake lieleweke, kwanza tuone ni nini hasa kinachopotea wimbo wa jadi unapopandishwa jukwaani.

Chukua huohuo wa kusaga. Mama amepiga magoti nyuma ya jiwe, anasukuma mbele, anavuta nyuma. Mwendo huo wa mikono ndio mapigo ya wimbo, na hakuna mapigo mengine. Wimbo wenyewe una noti nne au tano tu. Anaimba mstari, binti aliye karibu anaupokea, na mara nyingi anaupokea kabla mama hajaumaliza, kwa hiyo maneno ya mwisho ya mmoja yanalaliana na ya kwanza ya mwingine. Mama akitaka kuongeza neno la kumsema wifi yake, anaongeza, na mstari unarefuka. Wimbo hauna mlango wa kutokea. Unaisha unga ukiisha kusagwa.

Sasa mpe mwalimu wa kwaya aliyelelewa kwa nyimbo za ibada, kama tulivyolelewa karibu sote. Jambo la kwanza atakalofanya ni kuukata vipande sawasawa, ili uingie kati ya vile vistari vilivyosimama vya solfa. Mapigo ya mikono yanakuwa mapigo ya saa. La pili, ataipa kila noti wenzake. Ukishaiwekea noti wenzake watatu umeiambia isimame, na mwisho wa mstari umeiambia itue nyumbani kwenye *do*, kama utenzi wa kanisani unavyotua. Wimbo uliokuwa ukizunguka sasa unatua kila baada ya mstari. La tatu, kupokezana kunapangwa kwa heshima: mwimbishaji anamaliza, kimya kidogo, kisha kwaya inaitika. La nne ndilo linaloniuma zaidi. Lugha zetu nyingi, kuanzia Kilogooli na Kikamba hadi Kikuyu na Dholuo, hutofautisha maana kwa kupandisha na kushusha sauti. Kiswahili hakina tabia hiyo, kwa hiyo ukiimba Kiswahili kwa tuni yoyote bado utaeleweka. Lakini sauti ya pili ikipewa mstari unaoshuka mahali ambapo neno lenyewe linapanda, inaweza kuwa imetamka neno jingine au kitu kisicho neno. Waliotafsiri nyimbo za ibada za Ulaya kwa lugha zetu walikumbana na tatizo hilo tangu mwanzo, na mazoea yakalifunika.

Solfa si adui. Mimi mwenyewe siwezi kusoma wimbo bila solfa. Lakini ilitengenezwa Uingereza katika karne ya 19 ili watu wa kawaida wasome nyimbo za sauti nne haraka, na kazi hiyo inaiweza sana. Ukiifanyisha kazi nyingine, inaigeuza ifanane na ile iliyoizoea.

Nilipoanza kusoma habari za Estonia nilishangaa jinsi historia yao inavyofanana na yetu. Ni nchi ndogo kaskazini mwa Ulaya, kando ya Bahari ya Baltiki, na watu wake ni milioni moja na laki tatu hivi. Wana nyimbo za kale wanazoziita *regilaul*. Mstari wa *regilaul* una silabi nane kwa kawaida, na maneno yake hufuatana kwa herufi za mwanzo zinazofanana, si kwa vina vya mwishoni kama vyetu vya shairi. Tuni ni fupi, ya noti nne au tano. Mwimbishaji, mara nyingi mwanamke, hutoa mstari, na kundi hujiunga naye kwenye silabi za mwisho kisha hurudia mstari wote. Yeye naye huingia tena kabla kundi halijamaliza. Mkenya yeyote aliyehudhuria harusi ya kijijini akisikia hivyo hahitaji maelezo zaidi.

Kisha wakaja watu wa dini. Katika karne ya 18 vuguvugu la Wamoravian, ambao kanisa lao wasomaji wa Mbeya na Tabora wanalijua vyema, lilienea Estonia na kuwataka waumini waache nyimbo za kale, ngoma na zumari zao. Mahali pake zikaja tenzi. Karne iliyofuata zikaja kwaya za sauti nne kwa mtindo wa Wajerumani, na mwaka 1869 mji wa Tartu ukafanya tamasha la kwanza la kitaifa la nyimbo. Tamasha hilo linaendelea hadi leo, sasa likifanyika Tallinn, mji mkuu, na waimbaji hukusanyika kwa makumi ya maelfu kwenye jukwaa moja. Waestonia wakawa taifa la kwaya, na nyimbo za bibi zao zikabaki visiwani, vijijini mbali na mji, na kwenye makabati ya wakusanyaji. Kasisi mmoja, Jakob Hurt, aliwaita wananchi mwaka 1888 wamwandikie nyimbo na hadithi za kwao, nao wakamwitikia kwa maelfu ya kurasa.

Tormis alizaliwa katikati ya hayo yote, tarehe 7 Agosti 1930, katika eneo la Kuusalu. Baba yake alipiga kinanda kanisani na kufundisha kwaya. Kwa hiyo alikuwa mtoto wa upande uleule uliozifukuza nyimbo za kale. Alikuwa ndio kwanza anakaribia miaka 10 Umoja wa Kisovieti ulipoimeza nchi yake. Alianza masomo ya muziki Tallinn, vita na ugonjwa vikamkatiza, akarudi, kisha akaenda Moscow alikosoma utunzi kwa Vissarion Shebalin kuanzia 1951 hadi 1956. Huko alifundishwa kile ambacho watunzi wote wa enzi hiyo walifundishwa: wimbo wa wananchi ni malighafi, unaupamba kwa ustadi wako ukapendeza. Aliporudi alifundisha kwa miaka kadhaa, na miongoni mwa wanafunzi waliopita mikononi mwake ni Arvo Pärt, ambaye baadaye alipata umaarufu kumzidi. Kufikia 1969 aliacha ajira, akaishi kwa kutunga peke yake.

Kabla ya kufika hapo alikuwa ameziona nyimbo hizo mahali pake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika kisiwa cha Kihnu, ambako wanawake walikuwa bado wakifanya harusi kwa desturi ya kale, na kutokana na hayo akatunga nyimbo za harusi za Kihnu mwaka 1959. Ukizisikiliza utasikia bado anapamba, bado ni mwanafunzi wa Moscow. Alivutiwa pia na Zoltán Kodály wa Hungaria, aliyekuwa akizunguka vijijini kukusanya nyimbo tangu 1905 na kuandikia kwaya kazi zilizojengwa vizuri juu ya nyimbo hizo. Kodály alimwonyesha kwamba kazi hiyo inaweza kuwa ya maisha. Ila namna ya kuifanya Tormis alijitafutia mwenyewe.

Mgeuko ulitokea kati ya 1966 na 1967, alipotunga nyimbo za kalenda ya Estonia. Ni mafungu matano yanayofuata mwaka wa kijijini: nyimbo za Mtakatifu Martin za mwezi Novemba, vijana walipojibadilisha sura na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba chakula na kuombea mavuno, za Mtakatifu Katarina, za kuukaribisha mfungo wa Kwaresima, za bembea, na za usiku wa Mtakatifu Yohana, pale jua la kaskazini linapokaribia kusahau kuzama. Hapo alibadilisha mpangilio wa kazi. Badala ya kuuchukua wimbo na kuuuliza ataufanyia nini, aliuacha ujiimbe jinsi ulivyo, kisha akaijenga kwaya kando yake.

Hiyo "kando yake" ndiyo siri, na nataka kuieleza polepole kwa sababu ndiyo mwalimu wa kwaya wa Nairobi anayoweza kuichukua kesho.

Kwanza, tuni haiguswi. Hairefushwi ili ipendeze, haipewi kilele. Inarudiwa mara 20 au 30, na Tormis haogopi kwamba msikilizaji atachoka, kwa sababu kinachobadilika ni mazingira yake. Mara sauti ya nne inashikilia noti moja tu, ndefu, kama mlio wa mzinga wa nyuki, na wimbo unatembea juu yake. Mara wanawake wanauimba kwa noti sambamba, wote wakipanda na kushuka pamoja, bila yeyote kwenda njia yake. Ukipandisha sauti zote pamoja, neno linabaki neno. Nilipolielewa hilo nilikumbuka lugha zetu, nikaona hata lile jambo la nne lililoniuma lina dawa.

Pili, sauti anazoziongeza huzitoa ndani ya wimbo wenyewe. Kama tuni ina noti tano, mara nyingi kwaya nzima inazishika noti hizohizo tano kwa pamoja, zikarundikana kama wingu, na ndani ya wingu hilo mwimbishaji anaendelea. Hakuna noti ya kigeni inayokuja kuuvuta wimbo utue pale usipotaka kutua.

Tatu, kulaliana kwa mwimbishaji na kundi hakusafishwi. Kunakuzwa. Wakati mwingine kwaya inagawanywa makundi mawili au matatu yanayopokezana bila nafasi ya pumzi kati yao, hata hujui nani ameanza. Na katika nyimbo za bembea unaisikia bembea. Kule bembea ya kijiji ni kitu kikubwa cha magogo, wanasimama juu yake watu kadhaa kwa pamoja, nao huimba kwa kufuata kwenda na kurudi kwake. Tormis alizipa sauti za wanawake mwendo huo. Bembea imo ndani ya kwaya. Kwetu jiwe halikuwemo.

Alikuwa akisema kwamba si yeye anayezitumia nyimbo za jadi, nyimbo za jadi ndizo zinazomtumia yeye. Wengi huinukuu kauli hiyo kama unyenyekevu. Mimi naiona kama maelezo ya kiufundi: ndivyo hasa alivyoandika.

Kazi yake inayojulikana kuliko zote ni ile ya mwaka 1972 ya kuilaani chuma. Maneno yake yanatoka kwenye tenzi za kale za Kifini zilizomo katika kitabu cha *Kalevala*, na washairi wa Estonia wakaongeza ya zama zao. Kuna imani ya kale ndani yake: ukijua asili ya kitu, kilivyozaliwa na nani alikizaa, unaweza kukitawala. Kwa hiyo mwimbaji anakikabili chuma na kukisimulia ukoo wake. Kilizaliwa kwa maziwa ya mabinti watatu wa mbinguni yaliyodondoka ardhini. Kiliapa hakitamdhuru binadamu, ndugu yake. Kisha sumu ikatiwa kilipokuwa kikifuliwa, kiapo kikavunjika. Mtu aliyewahi kusikia mganga akikitaja kitu kwa majina yake ya siri ili kukishusha nguvu ataelewa mara moja.

Ngoma moja ya kiganga inapigwa tangu mwanzo. Kwaya haiimbi kwa maana tuliyoizoea. Inanong'ona, inasema kwa noti moja, inateleza kutoka noti hadi noti, inapiga kelele. Waimbaji wawili wa kiume wanatangulia na kundi linapokea. Polepole maneno ya kale yanageuka kuwa ya silaha, vifaru na mizinga, na unatambua kwamba chuma kinacholaaniwa ni kile cha karne ya 20. Mara ya kwanza niliisikiliza kwenye matatu ya kuelekea Rongai, nikiwa na vifaa vya masikioni, nikapitiliza kituo changu. Tangu hapo nimeisikiliza nikiwa nimekaa mahali pamoja.

Utawala wa Kisovieti haukumpenda mara zote, na baadhi ya kazi zake zilizuiwa. Hata hivyo nyimbo nyingi zilipita, maana mkaguzi angeona tabu kuupiga marufuku wimbo wa mkulima katika dola iliyojiita ya wakulima na wafanyakazi. Nchi ilirudishiwa uhuru wake mwaka 1991, baada ya miaka kadhaa ya watu kukusanyika kwa maelfu na kuimba, kiasi kwamba wenyewe wanayaita mapinduzi hayo mapinduzi ya kuimba.

Kati ya 1970 na 1989 alifanya kazi ninayoiona kuwa kubwa kuliko ile ya chuma: mafungu sita, nyimbo 51 kwa jumla, ya makabila madogo yaliyo ndugu wa Waestonia kwa lugha. Jina lake ni *Watu Waliosahauliwa*. Wamo Walivoni wa pwani ya Latvia, Wavodi, Waizhori na Wafini wa Ingria karibu na mji ambao leo ni St. Petersburg, Wavepsi wa kati ya maziwa Ladoga na Onega, na Wakarelia. Alizichukua nyimbo zao na kuziacha katika lugha zao, hata pale ambapo wasemaji walikuwa wakihesabika kwa vidole. Mtu wa mwisho aliyeipata Kilivoni kwa wazazi wake alifariki Canada mwaka 2013. Leo kwaya yoyote duniani ikiimba fungu la Walivoni, vinywa 40 vinaitamka lugha hiyo.

Sikuweza kusoma habari hizo bila kuwaza ya kwetu. Waelmolo wa Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, lugha yao ya asili imekwisha, wanasema Kisamburu. Wayaaku wa msitu wa Mukogodo kule Laikipia walihamia Kimaasai, na waliobaki na Kiyaaku ni wazee wachache. Wasuba wengi sasa ni wasemaji wa Dholuo. Wote hao walikuwa na nyimbo, na nyingine bado zipo. Tuna kwaya nzuri kila mtaa wa Nairobi, tuna mashindano yenye vipengele vya nyimbo za kienyeji kila mwaka. Ningetamani sana kusikia kwaya ya shule ya Eastlands ikisimama na wimbo wa Kiyaaku, ukiwa na mwendo wake mwenyewe.

Wala si kwamba hatujawahi kujaribu. Wimbo wetu wa taifa ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana wa kumbembeleza mtoto. Jopo la watu watano, wakiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, ndilo lililoutengeneza kabla ya uhuru mwaka 1963. Kazi yao ilihitaji kitu cha kusimamia wima na bendera, na walikipata. Lakini ukitafuta mzee wa Kipokomo akuimbie ule wa awali utasikia usingizi ndani yake, mkono unaopapasa mgongo wa mtoto. Kwaya ya Nairobi inaweza kuurudia leo kwa ajili ya usingizi huo.

Sisi tulianza na jiwe. Nilimpelekea mwalimu nyimbo za bembea azisikilize, naye ni mtu mwenye moyo mpana, akachukua karatasi yake mwenyewe na kalamu nyekundu. Alifuta sauti ya tatu yote. Sauti ya pili akaipa noti mbili tu, moja ya kusukuma na moja ya kuvuta, kwa mdomo uliofungwa, ziendelee mwanzo hadi mwisho. Sauti ya nne ikapewa pumzi, *hhh*, mahali jiwe linapogeuka. Mwimbishaji akaambiwa asihesabu. Sisi wengine tukaambiwa tumpokee mapema, kabla hajamaliza neno. Hilo lilitushinda Jumamosi mbili nzima, kwa kuwa tumefundishwa tangu utotoni kumngoja anayetangulia.

Mwenzetu akaurekodi tena, akamtumia mama. Safari hii jibu lilikuja jioni ileile, na halikuwa na sifa hata moja. "Hiyo ni kasi ya wimbi tupu," mama alisema. "Mimi nilikuwa nachanganya na muhogo mkavu, jiwe linakuwa zito. Waambie wapunguze." Kisha akaimba kidogo ili tusikie anavyomaanisha, na nyuma yake kulikuwa na kuku.

Jumamosi hii tunaijaribu kasi ya muhogo.